Behewa Limeinuliwa Nami Nimo Ndani

Jamani, leo kreni imeninyanyua mzimamzima!

Jana treni aliyopanda mama mkwe iliacha reli kabla ya kufika Mpanda. Abiria wote walitoka salama, ila begi lake lilibaki kwenye behewa lililolala ubavu.

Basi leo asubuhi nikawaponyoka mafundi waliokuja kuinua mabehewa, nikaingia kulitafuta.

Ghafla behewa likaanza kuinuka. Kumbe kreni imeshaanza kazi!

"Shusheni! Kuna mtu huku!" nikapiga kelele.

Fundi mkuu akasimamisha kreni. Nikabaki naning'inia, nachungulia dirishani.

Mama mkwe, aliyekuwa chini kwenye umati, akapaza sauti: "Baba Neema, kabla hawajakushusha, angalia na viatu vyangu chini ya kiti!"

Nyie, nimeangalia kweli. Nimeshuka na begi na kiatu kimoja.

Amenuna mpaka saa hizi. Mnanishauri nirudi?