Farasi Aliyekula Posa Yangu

Farasi hakuwa wangu. Alikuwa wa mzee mmoja mwenye duka hapo Garsen, aliyewahi kuwa askari wa farasi huko kaskazini. Mzee alikuwa amemwondolea lijamu, kile chuma cha mdomoni, kwa sababu kilimtia vidonda. Nikapewa kamba ya kuzunguka pua tu.

"Usishindane naye kwa kuvuta," akaniambia. "Yeye ana shingo, wewe una vidole. Ukiona anatamani nyasi, mguse kwa kisigino aende mbele kabla kichwa hakijashuka. Kikishuka, umekwisha."

"Ndiyo, mzee," nikaitikia, na akili yangu iko kwingine kabisa. Nilitaka kuoa. Kwetu wafugaji, posa haikufunguliwa kwa maneno matupu: lazima nyasi mbichi zitiwe mkononi mwa baba wa binti kwanza. Ulikuwa mwaka wa kiangazi, mbuga yote imekauka, na nyasi mbichi zilipatikana mtoni tu. Baba mdogo alikwisha kutangulia kambini kwa akina binti niliyemtaka, akinisubiri nilete nyasi ndipo aanze kusema. Alasiri ile walitarajiwa watu wa ukoo mwingine na posa yao. Atakayetangulia ndiye atakayesikilizwa, na yule binti nilimpenda hata chakula hakinipiti kooni. Ndiyo maana nikaazima farasi.

Nikakata fungu zuri la nyasi ukingoni, nikapanda. Hatujaenda mbali, kichwa kikashuka. Nikakumbuka kisigino. Lakini mimi nimelelewa na ng'ombe: mnyama akila, unanyamaza na kumshukuru Mungu. Nimpige teke mnyama anayekula, tena mwaka wa njaa? Mguu ulikataa. Nikangoja amalize. Akamaliza, akapiga hatua mbili, akaona kishungi kingine cha nyasi. Nikangoja tena, fungu langu nimelinyanyua juu asilifikie, mkono unawaka moto.

Mama mmoja wa mashamba ya kando ya mto alinipita na mtungi wa maji kichwani. Akaenda kwake, akaumimina, akarudi na mtungi mtupu, akanikuta palepale.

"Wewe, umekufa huko juu?"

"Namngoja, mama. Anakula."

"Basi ngoja na wewe nikuletee ugali, mle pamoja."

Haraka haraka haina baraka, walisema wahenga. Wao hawakuwa na posa siku ile.

Nilifika adhuhuri imepita; kwa miguu ningefika mapema zaidi. Baba wa binti alikuwa amekaa kivulini na ndugu zake, baba mdogo kando yao. Nikashuka, nikamwamkia, nikanyoosha nyasi. Mzee akanyoosha mkono. Farasi naye akanyoosha shingo, na shingo ilikuwa ndefu kuliko mkono. Fungu lote likaingia mdomoni.

Hapo nilisahau malezi. Nikainua mguu nimpige.

"Mwache!" wakanikemea wote, hata baba mdogo. "Huoni anakula?"

Tukakaa kwa adabu, tukamtazama akitafuna posa yangu mpaka jani la mwisho.

"Alhamdulillahi," akasema mzee. "Sasa nenda kalete nyingine. Farasi mwache hapa apumzike."

Apumzike! Nilitaka kulia kwa hasira. Nikatoka mbio, na nilipofika mtoni ndipo nilipojua jinsi njia ile ilivyo fupi.

Wakati wa kurudi, fungu jipya kifuani, nikakutana na mtu mwenye shuka jeupe safi, anakimbilia mtoni mikono mitupu. Salamu hazirukwi: tukaulizana watu, tukaulizana ng'ombe, tukaulizana mvua, wote wawili tukihema.

"Waenda wapi hivyo?" nikauliza.

"Kutafuta nyasi. Tumekuja na zetu kwa posa, kuna farasi pale kambini kazila zote."

"Hamkumzuia?"

"Tungemzuiaje? Alikuwa anakula."

Nikampa pole, pole ya moyoni kabisa, nikaongeza mbio.

Kambini niliwakuta wageni wamekaa kwa adabu, wakimngoja mwenzao. Sikumwangalia mtu. Nikaenda moja kwa moja kwa baba wa binti, nikapiga magoti. Akazipokea nyasi zangu kwa mikono miwili, akazificha upesi ndani ya shuka lake, maana farasi alikuwa amekwisha kuinua kichwa.