Sambaza za Maman

Juzi simu yangu ililia nikiwa napepeta mchele. Ujumbe ulitoka Bukavu, ukapita mikono mingi kabla ya kunifikia: maman amefariki, ameacha watoto wanne, tafadhali sambaza. Nikaweka ungo chini. Lile neno la mwisho ndilo lililonirudisha Nkanka.

Kwetu, rafiki yangu, sambaza ni samaki, wale wadogo kama kidole, weupe wa kung'aa, ambao wavuvi hurudi nao asubuhi. Nilipokuwa na miaka saba sikujua maana nyingine. Nilikuwa nimeachwa kwa koko, mama yake maman, huko Nkanka, upande wa Rwanda wa ziwa Kivu. Maman alikuwa amevuka kwenda kufanya biashara Bukavu, na alisema angerudi kunichukua.

Koko akienda shambani nilibaki peke yangu. Niliogelea mpaka vidole vikakunjamana. Maji yale yana chumvi kidogo, unaisikia kwenye midomo ukishakauka. Niligeuza mawe kutafuta kaa, nikashindana na mnandi, yule ndege mla samaki, kuzamia, na mnandi akanishinda kila siku. Kulikuwa na fisi maji mmoja aliyependa kula samaki wake karibu na jiwe langu. Nilimsimulia mambo yangu yote, kwa sababu nilikuwa mpweke na yeye alikuwepo. Ng'ambo, mabati ya Bukavu yalimeremeta, nami nilikisia lipi lilikuwa la maman.

Siku moja alikuja mshona nguo wa mji wa Kamembe, mwanamke aliyekulia Kigoma, ambaye alizoea kununua samaki kwetu. Alikuwa ametoka Bukavu. Waliteta na koko nyuma ya nyumba, na mimi nikasikia maneno ya mwisho tu alipokuwa anaaga: "Mwanao amesisitiza, msiisambaze." Nilidaka nilichokijua.

"Koko," niliuliza, "maman anataka sambaza?"

Koko alikaza kitenge chake kiunoni.

"Eh, mwana wangu. Anika muzuri, bandege basikule."

Basi nikawa na kazi. Kila asubuhi niliwasaidia wavuvi kukung'uta nyavu, wakanipa konzi moja ya sambaza. Nilizianika juu ya jiwe na kuzilinda kwa fimbo ya tete mpaka jua lizikaushe, kisha nikazitia kwenye kapu la koko. Nilimfukuza hata fisi maji, mara ya kwanza kwa kelele, mara ya pili kwa jiwe, naye hakurudi tena. Nilijuta, lakini nilijiambia kapu likijaa maman atakuja.

Lilijaa. Koko alijitwika kapu, akaondoka nalo alfajiri, akarudi jioni na kapu tupu na gauni la maua ya njano. Alisema maman amekula na kusifu. Lile gauni lilikuwa la kitambaa kile kile cha pazia la mlangoni kwa mshona nguo, ambako koko aliwahi kunipeleka. Niliona, ila sikutaka kuona.

Miaka mingi baadaye mwalimu mgeni alituambia darasani tusambaze madaftari. Darasa zima likacheka, wakamuuliza samaki wako wapi. Akatueleza maana yake kwa upole. Mimi nilicheka na wenzangu, halafu nikakumbuka maneno ya mshona nguo. Wakati huo nilishasikia kwamba maman ameolewa Bukavu, na kwamba mume wake hakujua kuwa mimi niko duniani. Hiyo ndiyo habari ambayo haikutakiwa kusambazwa. Nilipofika nyumbani koko alikuwa anachambua maharage. Nilikaa nikamsaidia.

Jana nilikwenda Nkanka. Nyumba ya koko haipo, mahali pake pameota migomba. Niliwauliza watoto waliokuwa wanaogelea kama wanamjua fisi maji. Walitazamana, mmoja akasema, "Hatujamuonaka." Nilikaa juu ya jiwe langu mpaka wakaondoka. Mabati ya ng'ambo yamekuwa mengi sana, siwezi tena kukisia.

Nikatoa simu, nikaufungua ule ujumbe. Nikafuta wanne, nikaandika watano, kisha nikausambaza.