Siku Ndulele Walipoingia Darasani

Wenzangu tuliokulia mtaa wa Sokon One miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na mitumba ikaanza kumwagwa sokoni, mtakubaliana nami kwamba hatukuwa na neno moja la kujumlisha vitu vyetu vya kuchezea. Kila kimoja kilikuwa na jina lake. Gari la waya lilikuwa gari la waya, na matairi yake yalikatwa kwenye ndala zilizochoka. Mtoto wa gunzi alikuwa mtoto, na ole wako umkanyage. Mpira ulikuwa wa soksi na mifuko ya nailoni. Tulicheza rede, kukwepa mpira, mpaka vumbi likatuingia masikioni. Mama akituita tukaoge, tulijibu "Tunakuja!" huku tukikimbilia upande mwingine.

Neno "toi" nililisikia kwanza kwa Mwalimu Ndosi, aliyetufundisha Kiingereza darasa la tano. Alipokasirika alifoka maneno ambayo masikio yetu yaliyapokea hivi: "Donti toi wizi mi!" Tukaamini kuna kitu kinaitwa toi na kwamba anatushuku tumekiiba. Kwa hiyo siku mama, aliyekuwa akiuza mitumba, alipofungua robota nyumbani na shoga yake akapaza sauti, "Heee, humu kuna mpaka matoi!", mimi nilitoka mbio nikajificha nyuma ya banda la kuku. Mama alicheka hadi akakaa chini. Kisha akanipa dubu wa manyoya ya kahawia, mwenye jicho moja.

Haukupita muda mrefu Mwalimu Ndosi akatufafanulia. Toi ni kitu cha kuchezea. Na lile alilokuwa akitufokea maana yake ni tusimfanyie mzaha. "Kesho kila mtu alete toi lake," akasema, "na alielezee kwa sentensi tatu za Kiingereza."

Nilikwenda na dubu wangu, nikasifiwa. Watoto wa wenye maduka walileta magari ya plastiki. Zamu ikamfikia Nasieku, niliyekaa naye dawati moja. Alikuwa akitembea kutoka Olasiti kila asubuhi. Kwao walizungumza Kimaa, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa cha polepole, sembuse Kiingereza. Alifungua kipande cha khanga, akapanga mezani ndulele saba za njano, yale matunda machungu ya porini. Kila moja ilikuwa na miguu minne ya vijiti na pembe mbili za miiba.

"Ni ng'ombe," akasema.

Darasa zima likaangua kicheko. "Nilisema toi," alisema mwalimu, "sikusema ulete takataka za porini. Peleka nje."

Nami nilicheka. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nasieku aliwaokota ng'ombe wake mmoja mmoja bila kutuangalia, akatoka. Kesho yake hakuja. Keshokutwa hakuja.

Jumamosi nilimwambia mama. Akaniuliza, "Na wewe ulicheka?" Nikainamisha kichwa. "Basi nenda mwenyewe ukamwambie. Mimi sitakusemea."

Nikambeba dubu wangu, nikatembea mpaka Olasiti. Nilimkuta mama yake Nasieku akifagia uwanja. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia, akanielekeza kwa kidevu walikokuwa ndama. Nasieku alikuwa amekaa karibu nao, fimbo mapajani.

"Sirudi," akaniwahi. "Baba amesema kama shuleni wananicheka, bora nichunge."

"Na mimi nilicheka. Nisamehe."

Akamchukua dubu, akamgeuza juu chini. "Huyu anafanya nini?"

"Hafanyi kitu. Unamkumbatia tu."

"Maziwa hatoi?"

"Hatoi."

"Sasa toi gani hili, na halitoi?"

Tulicheka, safari hii wote wawili, mpaka ndama wakageuka kututazama. Mchana kutwa akanifundisha kucheza na ng'ombe wake wa ndulele. Tulijenga boma la miiba, tukawapeleka ng'ombe kunywa maji kwenye mfereji, tukamtibu mmoja aliyevimba tumbo. Kila ng'ombe alikuwa na jina la ng'ombe wa kwao. Nilimkosea Narok jina mara mbili, nikaadhibiwa kwa kunyimwa zamu ya kukamua. Nilipokuwa naondoka nikamwambia, "Jumatatu tunarudi na ng'ombe wako."

"Mwalimu atatuchapa."

"Atuchape wote."

Jumatatu, Nasieku akiwa amembembeleza baba yake amruhusu, tulisimama mbele bila kuitwa. Mwalimu alinyanyua fimbo. Nikasema, "Mwalimu, tunaomba ututazamie toi kwenye kamusi." Enzi zetu mtoto kumwambia mwalimu hivyo ilikuwa sawa na kuuliza kaburi lako litachimbwa wapi. Mwalimu akafungua kamusi, akasoma kimoyomoyo, akarudia.

"Kitu cha mtoto kuchezea," akasema hatimaye.

Nasieku akauliza, polepole kama kawaida yake, "Wameandika cha dukani?"

Mwalimu Ndosi aliweka fimbo mezani. "Haya. Sentensi tatu."

Akasema kwa Kiingereza kwamba huyu ni Narok, kwamba ana maziwa, na kwamba ni toi lake. Hakuna aliyecheka. Mwalimu hakuomba radhi, walimu wa wakati ule hawakuwa na desturi hiyo, ila alimwomba Nasieku ampe ng'ombe mmoja, akamweka juu ya meza yake mpaka ndulele ikanyauka. Nasieku alimaliza la saba, akaendelea na sekondari. Siku hizi hunipigia kila Krismasi, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu.

Wanangu wana sanduku zima la matoi. Yapo yanayoimba, yapo yanayowaka taa, na wenyewe wamelala kwenye kochi wakitelezesha vidole kwenye simu, wakilalamika kwamba wameboreka. Juzi niliwasimulia habari hii. Wa mwisho akanihurumia kwa dhati: "Pole mama. Kumbe mlikuwa maskini hivyo?"

Sikubishana naye. Nilichukua simu yake, nikaiweka juu ya friji, nikamwambia avae viatu, leo tutafinyanga ng'ombe wa udongo. Tulizunguka ua mzima, chini ni vitofali vitupu mpaka ukutani, udongo hakuna. Nikafungua geti, nikamshika mkono, tukatoka kwenda kutafuta udongo.