Kakadori wa Nyota Tatu

"Mnyama niliye naye mimi, tajiri wa Dubai hana! Na akimtaka apande ndege, apande basi, aje Segese, ale wali wangu kwanza, ndipo tuongee!"

Maneno hayo aliyatamka Mwahija binti Nuruddin kwenye kipaza sauti, harusini kwa Yasmini, mtoto wa jirani, mbele ya watu mia mbili na spika inayokoroma. Mshereheshaji alikuwa amemwomba neno moja tu la kuwaasa maharusi. Akina mama wenzake walishatoa yao: mvumilie mumeo, msitiri mkeo, chumbani kusitoke siri. Yeye akainua simu yake yenye kioo kilichopasuka, akaishika juu kama mtu anayeapishwa, akawatangazia habari za mnyama. Watu walicheka mpaka pilau ikapoa. Bwana harusi alicheka kuliko wote, maana alikuwa hajaanza kuvumilia.

Mnyama mwenyewe yumo ndani ya gemu ya simu. Unatembea, simu inakuonyesha ramani ya hapo ulipo, viumbe wanachomoza njiani, nawe unawatupia kamba. Ukimnasa mmoja anaingia kwenye kitabu chenye kurasa. Wengi wao wako kila mahali, kama kunguru. Wachache wana kwao. Kuna anayetokea Brazili tu, kuna wa kwenye barafu huko, na kuna Kakadori, ambaye hatokei popote duniani isipokuwa huku kwetu kwenye dhahabu, kuanzia Kahama mpaka Geita. Ana magamba kama kakakuona, anasimama kwa miguu miwili, na utosini ana taa ya mchimbaji. Waliomchora sijui kama waliwahi kufika Segese, ila walimpa mpaka kitambi cha dalali wa dhahabu.

Sasa utauliza, mama wa miaka hamsini na mmoja, mpika wali na maharage, anatafuta nini humo?

Alizaliwa Nyasubi, pale Kahama mjini. Baba yake alikuwa fundi cherehani mwenye asili ya Ujiji, na mama yake alitoka Pangani akifuata biashara ya nazi, akakuta huku nazi hazioti, akaota yeye. Mwahija akaolewa na Shaaban, mwanamume mzuri wa sura mwenye ugonjwa mmoja: akisikia kuna jiwe mahali, haoni tena mlango wa kurudi. Mwaka ambao mtoto wao Abdulshakur alitimiza miaka minne, Shaaban aliaga anakwenda Maganzo kutafuta almasi kwa wiki mbili. Almasi hakuipata. Alimpata Rebeka. Wiki mbili hizo hazijaisha mpaka leo.

Mwahija hakwenda kulia Maganzo. Mgodi mkubwa ulipochangamsha biashara huku, alihamia Segese na sufuria tatu, akafungua kibanda karibu na makarasha, zile mashine zinazosaga mawe ya dhahabu kutwa nzima kama meno ya mzee aliyelala. Akamsomesha Shakur kwa vumbi hilo. Shakur alipofika miaka ishirini na mbili naye akaaga. Si kwa jiwe, alisema, kwa mkasi. Rafiki yake ana saluni Durban, Afrika Kusini, anatafuta kinyozi.

Siku mbili kabla ya safari alimwekea mama yake ile gemu. Wakazunguka pamoja kuanzia stendi hadi makarasha, yeye akimfundisha.

"Mama, ukitembea wanatokea. Na mimi kule nikitembea watatokea wa kule. Kila asubuhi nitakutumia zawadi humu, na wewe unitumie. Siku ukiona zawadi ujue nimeamka."

"Na nisipoiona?"

"Ujue bando limekwisha."

Huo ni mwaka wa nne. Kila asubuhi, kabla ya kuinjika maji, Mwahija hufungua simu. Kiboksi cha bluu kikiwepo, kina picha ndogo ya mahali kilipookotwa: sanamu, ukuta wenye michoro, lango la bustani, vyote vya Durban. Hapo tu ndipo moto unawashwa. Sisi wateja tulishazoea. Ukikuta chai imechelewa unajua Durban hakuna bando.

Lakini viumbe wenye kwao hawatumwi kama zawadi. Hiyo ndiyo sheria ya gemu, na Mwahija aliishika kuliko baadhi yetu tunavyozishika za dini. Kakadori huwezi kumpitisha mtandaoni. Humpati ila uje ukanda huu umnase, au umkute aliye naye, simu mbili ziwe ndani ya hatua mia, ndipo mnabadilishana. Na ukurasa wa Afrika wa Shakur ulikuwa na picha arobaini na shimo moja jeusi. Shimo la Kakadori.

"Usimwachie, mama," alikuwa akimwandikia. "Nakuja kumchukua mwenyewe."

Basi usimwone mama yule anacheza. Alikuwa ametega.

Kakadori wa kwanza alimnasa mapema tu, kwenye kichuguu kikubwa nyuma ya makarasha. Alikuwa wa nyota moja, dhaifu, taa yenyewe inafifia. Mwingine angetosheka. Mwahija akasema mgeni hachinjiwi kuku aliyekuwa karibu na mlango. Akaanza kwenda kichuguuni kila siku baada ya sala ya alasiri, khanga kiunoni, simu mbele, anakwenda hatua tano, anasimama, anarudi mbili, anaelekeza simu chini. Akimpata wa nyota moja anamwachia, wa mbili anamwachia. Alitaka wa nyota tatu, wa juu kabisa. Miaka mitatu hivyo.

Sasa fikiria unamtazama mtu wa namna hiyo, na wewe ni mchimbaji.

Bujiku alikuwa amekaa makarasha akisubiri zamu yake ya kusaga. Ni Msukuma wa Bariadi, mikono kama sululu, ameshachimba Geita, ameshachimba Nyarugusu, na alichotoa huko kote ni kikohozi. Alikuwa akimtazama mama yule kwa wiki kadhaa. Siku ya siku, mwezi wa nane, akamwona anasimama, simu inatetema mkononi, halafu anapiga ukelele: "Nimempata! Alhamdulillah!" Na papo hapo, kwenye udongo, mama mtu mzima akaanguka sijida ya shukrani.

Bujiku hakuhitaji zaidi. Kwa mchimbaji, simu inayotetema juu ya ardhi ni mashine ya kupimia dhahabu, na mwanamke anayesujudu kwenye kichuguu amekwishapata majibu.

Asubuhi walikuwa sita. Jioni, sitini. Ilipofika Ijumaa kulikuwa na rashi kamili, mbio za dhahabu: watu mia nne, maduara thelathini, mashimo ya kuchimbia, yamefunguliwa, turubai za bluu, wauza sigara, wauza maji, na mhubiri mmoja aliyekuja kukemea tamaa akabaki na sululu. Kile kichuguu kilitoweka kama andazi.

Mwahija alikwenda mwenyewe, akasimama juu ya kifusi.

"Wanangu, hapa hakuna dhahabu! Mimi nilikuwa nakamata mdudu wa kwenye simu!"

Wakatikisa vichwa kwa adabu. "Sawa mama, hakuna." Wakaendelea kuchimba. Huku kwetu mwenye mali ndiye anayekana. Angesema ipo, nusu wangeondoka kwa mashaka. Alivyokana kwa nguvu, wakaongeza watu.

Walinifuata hata mimi, kwa kuwa nilisoma diploma ya jiolojia, japo tuliachana katikati. Nikawaambia simu haiwezi kupima dhahabu hata ukiitukana.

"Ndiyo maana hukumaliza chuo," Bujiku akanijibu. Kisha akamgeukia Mwahija, akavua kofia, akamwita mama kwa Kisukuma. "Mayo, aliyeonyesha ana fungu lake, hatukudhulumu. Kila duara likitoa mawe, wewe una mifuko miwili. Ni desturi."

"Mifuko ya nini, Bujiku? Ya udongo?"

"Gete mayo, kweli kabisa, hata mimi ningekuwa wewe ningesema hivyohivyo."

Jumapili saa sita mchana, kibanda kimejaa mpaka watu wanakula wamesimama, simu ya Mwahija ikaita. Haikuwa zawadi wala ujumbe. Ilikuwa sauti, na sauti ya Shakur ilikuwa haijasikika kwa miezi mitano. Akaiweka kwenye spika kwa sababu mkono mmoja ulikuwa na upawa.

"Mama! Shikamoo! Nimeona video ya hiyo rashi, watu wanaisambaza huku kwenye magrupu. Wanasema wewe ndiye uliyegundua. Ni kweli? Kuna mzigo?"

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Mama, niambie! Kama kweli upo, kesho nakata tiketi. Saluni namwachia mwenzangu. Wiki hii niko Segese!"

Mimi nilikuwa na tonge mkononi. Wiki hii. Mama yule alikuwa na neno moja tu la kusema, tena lenyewe fupi, na nje kulikuwa na mashahidi mia nne wenye sululu tayari kumsaidia kulisema. Nilimwona akiutazama mlango, kama vile mtu ameshaanza kuingia.

"Nitakupigia kesho," akasema.

Kesho yake hakuwasha moto. Alikaa kwenye kigoda, akapiga.

"Shakur. Hakuna dhahabu. Aliyekuwepo ni Kakadori. Nimekupatia wa nyota tatu."

Kisha kicheko, kile cha mtu aliyekuwa ameshafunga begi.

"Aah, mama. Watu mia nne wanamchimba Kakadori?"

"Wanachimba. Wewe njoo umchukue."

"Nitakuja. Desemba. Nyota tatu kweli? Usimwachie, mama, nakuomba."

"Simwachii."

Alipokata nilimuuliza, kwa mdomo wangu huu usio na breki, kwa nini hakumdanganya kidogo tu. Angekuja akakuta hakuna kitu, angekasirika siku mbili, ya tatu angekula wali.

"Baba yake aliitwa na jiwe," akasema. "Huyu nataka nimwite mimi."

Rashi ilikufa yenyewe baada ya siku kumi na mbili. Walipata maji, na ndala moja ya mguu wa kushoto. Bujiku alikuja kuaga, akalipia chai, akamwambia bila kinyongo kwamba anajua mali alishaihamisha. Nyuma yao yakabaki maduara thelathini, pale pa kichuguu duara lenye kina cha nyumba. Gemu haina habari na mambo hayo. Kakadori aliendelea kutokea palepale. Ukielekeza simu unamwona amesimama hewani, juu ya shimo, taa inawaka, hana habari kwamba chini hakuna kitu.

Kuanzia Oktoba Mwahija alianza kujiandaa. Alinunua godoro. Alipaka chokaa chumba cha nyuma. Yule Kakadori alimbadilisha jina, akaandika Wa Shakur. Alipima kwa miguu kutoka stendi hadi kibandani, akapata hatua mia tatu na arobaini, akaona haifai: sheria inataka mia. Kwa hiyo siku hiyo angekwenda kumsubiri stendi kwenyewe, basi likiingia tu wabadilishane kabla hajashuka. Aliniomba nimfundishe vibonyezo vya kubadilishana. Tukafanya mazoezi kwa simu yangu, yeye akinipa panya wa bure na mimi nikimpa kunguru, mara kumi na moja, mpaka akaweza bila miwani.

Desemba ilipofika zawadi za bluu zilikuja kila asubuhi. Tiketi haikutajwa. Tarehe ishirini hakukuwa na zawadi. Ulikuja ujumbe, na picha. Mwahija alinipa simu.

"Nisomee, macho yana moshi."

Nikasoma. Shakur aliandika kwa herufi kubwa. MAMA NIMEMPATA. UKURASA UMEJAA. Wenye gemu, aliandika, wamefanya tamasha la mwisho wa mwaka, viumbe wote wenye kwao wamewekwa dukani, dunia nzima unabonyeza tu. Usihangaike tena na jua, mama. Saluni imefurika, sikukuu hizi watu wananyoa sana. Tutaona Idi inshallah. Picha ilikuwa ya ukurasa wa Afrika. Shimo jeusi halikuwepo.

Mwahija aliitazama muda mrefu, akaivuta kwa vidole viwili ikawa kubwa.

"Wake ana nyota ngapi?"

"Moja."

"Wangu ana tatu."

"Ukurasa hauhesabu nyota, Mama Shakur."

Akachukua upawa, akakoroga maharage ambayo hayakuhitaji kukorogwa. Kutoka kwenye kile chumba cha nyuma, harufu ya chokaa ilikuwa bado inasikika. Mteja mmoja akaomba pilipili, akapewa chumvi, akanyunyiza hiyohiyo.

"Haya, fungua hilo duka lao," akaniambia bila kugeuka. "Wanamuuza kiasi gani?"

Nikafungua. Alikuwepo, mstari wa tatu, katikati ya kofia na mabegi, taa yake inawaka.

Shilingi elfu mbili na mia tano.