Mshtakiwa Alisema "Nilikosa"

Niliajiriwa ukarani katika mahakama ya Lodwar nikitokea Kitale, na kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuwasomea washtakiwa mashtaka kwa Kiswahili, kisha kumpa hakimu majibu yao kwa Kiingereza. Wasemaji wa Kiturkana walikuwa na mkalimani wao. Wa Kiswahili niliwasimamia mimi, na sikuwahi kufikiri kwamba hapo pangekuwa na shida.

Asubuhi moja waliletwa watu wengi, na kati yao mama mmoja Mkongo, mshonaji nguo kutoka kambi ya Kakuma. Alikuwa amekamatwa jana yake kwenye kizuizi cha polisi, akija Lodwar bila kibali cha kutoka kambini. Nilimsomea shtaka harakaharaka, maana joto lilikuwa limeshaanza na foleni ilikuwa ndefu. Nikamuuliza anasemaje.

"Nilikosa, papa," alisema, ameinamisha kichwa.

Nikamwambia hakimu kwamba mshtakiwa anakiri kosa. Nikaongeza kwamba anajuta, neno ambalo hakulitamka. Hakimu akaandika, akasema adhabu ataitoa baada ya chakula cha mchana.

Nilipopita kwenye mahabusu ya mahakama na mafaili, yule mama aliniita kutoka nyuma ya nondo.

"Papa, juu ya nini banasema nilikubali? Ile karatasi nilienda kuiomba mara mbili, nikaikosa. Biro ya kutoa karatasi ilikuwa imefungwa. Na dada yangu bamemuleta hapa hospitali kuzaa, hana mutu."

Kumbe alichosema ni kwamba hakukipata kibali, nami nikamfikisha kwa hakimu kama mtu aliyetubu.

Sikula. Nilitoka nje nikazunguka jengo, nikarudi, nikatoka tena. Mlinzi wa lango alinisalimu, "Ejok," nikasahau kuitikia. Ningenyamaza, hakuna ambaye angejua. Ningesema, kila faili nililowahi kulisoma lingetiliwa shaka, na mimi pamoja nalo.

Hakimu aliporudi nilisimama kabla hajaketi vizuri. "Mheshimiwa, nilitafsiri vibaya."

Nilipokwisha kueleza na kuomba atafutiwe mkalimani, mwendesha mashtaka alicheka. "Mheshimiwa, huyu anaongea Kiswahili kutushinda sisi wote. Mkalimani wa nini?"

Hakimu alimtazama yule mama, kisha akanitazama mimi. "Katiba haisemi lugha inayofanana na yake," alisema. "Inataka lugha anayoielewa. Na kama karani wangu hakumwelewa, mimi nimemwelewa vipi?"

Akafuta kule kukiri, akaandika kwamba mshtakiwa amekana, akamwachilia kwa dhamana yake mwenyewe mpaka mkalimani apatikane.

Wiki mbili baadaye mwalimu mmoja Mkongo alikuja kutoka Kakuma kumtafsiria. Safari ile ikaelezwa yote, na shtaka likaondolewa. Dada yake alikuwa amejifungua salama, lakini alijifungua siku ile ya kwanza ya kesi, hana hata wa kumshikia kikombe cha maji.

Nilimwomba yule mama msamaha pale kwenye ngazi za mahakama.

"Nimekusamehe, papa," alisema. "Lakini bale balinitangulia?"

Jumatatu iliyofuata nilifungua kabati la mafaili ya zamani, nikaanza na yale ya Kakuma, nikitafuta kila mahali nilipoandika kwamba mshtakiwa amekiri.