Sola Iliyovikwa Kitenge

Jumamosi nilikuwa dukani mjini, nachagua utambi wa kibatari, akaingia jirani yangu wa Mkonze, yule aliyeuza ng'ombe wawili akaweka umeme wa jua. Tangu aweke, mimi nikipita kwake nageuza shingo upande wa pili, roho inaniuma.

"Mmenipunja," akamwambia muuzaji. "Taa inawaka kidogo tu, inazima. Mume wangu anasema nimechezea ng'ombe wake, na leo hajala chakula changu."

Muuzaji akauliza taratibu, "Mama, mchana ile paneli inapata jua?"

Jirani akaanza kusokota ncha ya khanga kidoleni. "Mchana naifunika kitenge."

"Unaifunika kwa nini?"

"Mtaani kwetu kuna watu wana kijicho, baba." Akasema hivyo huku ananitazama mimi na utambi wangu.

Muuzaji akajikuna kichwa. "Mama, ile paneli chakula chake ni jua. Unaishindisha njaa kutwa nzima, halafu jioni unaidai mwanga?"

Jirani akarudi nyumbani, akaivua paneli kitenge. Kesho yake magharibi nyumba yake iling'aa mpaka uani kwangu, nikapepeta uwele wangu bila kuwasha kibatari. Mumewe nilimsikia anaomba ugali aongezewe.

Sasa wasomaji mtaniuliza kama sola ina thamani ya ng'ombe wawili. Inayo, na hilo ndilo linaloniudhi. Mimi kile kitenge nilikuwa nakipenda sana pale juu ya bati.