Kamba Laini ya Wakesho

Kuna siku moja, mwanangu, hunijia kila nikifumba macho. Ilikuwa miaka ya hamsini, nami kijana nimefanywa nyapara wa karakana ndogo ya kamba hapa Voi. Nje, singa za mkonge zilianikwa juani, nyeupe, zikipepea taratibu hata ungedhani mawingu yameshuka kupumzika.

Wafugaji wa kijiji cha Marungu walikuwa wamerudisha kamba zetu. Zilikuwa ngumu, zinachubua ndama shingoni. Wakesho, msokotaji wetu, mama wa makamo kutoka Mwanda, akaniambia, "Nyapara, kwetu singa tunaziloweka, tunazipondaponda, ndipo tunasokota. Niache nijaribu."

"Kazi yako ni kusokota," nikamjibu mbele ya wenzake. "Kufikiri niachie mimi."

Asubuhi iliyofuata Wakesho hakuja.

Kamba zikakosa wanunuzi, zikarundikana hadi darini, na wasokotaji sita wakaambiwa wakae nyumbani. Hapo Mzee Mwakio, fundi wetu mkongwe, akanivuta kando. "Kijana, akili ni nywele, kila mtu ana zake. Wewe umewanyoa watu wote, sasa unashangaa baridi?"

Nikadandia lori la mboga, kisha nikapanda milima kwa miguu hadi Mwanda. Ukungu ulikuwa mzito. Sauti za watu zilinifikia kabla ya sura zao, nikawa kama natembea ndani ya usingizi. Wakesho nilimkuta akipalilia maharagwe.

"Mama, nilikukosea. Nifundishe."

Akapalilia hadi mwisho wa mstari, ndipo akainua uso. "Nitakuja siku tatu. Lakini kila mtu aruhusiwe kusema anachojua."

Siku hizo tatu niliuvunja utaratibu wangu wa kila mtu na benchi lake. Msokotaji mmoja nilimtuma Marungu akawasikilize wafugaji. Kamba ya kwanza ilitoka laini mno, ikakatika. Ya tatu ndama alifungwa nayo, akalala bila kuchubuka. Wasokotaji wanne walirudi. Wawili walishapata kazi kwingine, na Wakesho hakukubali kubaki. Hilo lingali linaniuma.

Basi mwanangu, ukipewa watu wa kuwaongoza, usihesabu mikono yao tu, uliza wanachojua. Na mteja akilalamika, uwe mwepesi kugeuza mwendo. Kupotea njia ndiko kujua njia, ila anayeng'ang'ania kupotea hafiki. Mungu akujalie masikio mapana, na kazi yako iwafae hata wasiolijua jina lako.